Kompyuta Namba Nne

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi,
mvua ya Hartlepool inapiga kwa ubavu,
na Bi Philippa wa mapokezi ananipa funguo na habari:
namba nne imegoma tena.

Naiwasha. Inaamka jinsi ilivyoamka jana,
na juzi, na siku ile aliyoigandisha Colin
kabla hajastaafu akaenda zake Uhispania
na nywila kichwani.
Mlima uleule wenye theluji, ikoni saba zilezile.
Watu arobaini waliketi hapa wiki iliyopita.
Diski haimjui hata mmoja.

Ndiyo kazi ya ile programu:
mchana andika utakalo, chafua, pakua takataka;
ikizimwa usiku, yote yanafutika
kama ubao wa darasa Ijumaa jioni.
Haina kinyongo. Haina shukrani pia.

Ila ugonjwa wake nimeukuta baada ya saa tatu
chini ya meza, vumbi puani, chai imepoa:
kila siku thelathini, seva na kompyuta
hunong'onezana neno jipya la siri.
Namba nne hulipokea, huahidi kulishika,
kisha hulala, na kunapokucha
imerudi na lile la zamani.
Hodi.
Nani?
Mimi, namba nne.
Namba nne hasemi hivyo.
Hodi.
Na seva, ambaye hana ubaya, anafuata sheria tu,
anafunga.

Najua milango ya namna hiyo.
Nimesimama mbele ya dirisha la kioo kule Croydon
na barua ya mwaka juzi mkononi,
nikiambiwa, kwa upole, kwamba siye.

Bwana Garbutt ameingia, kofia inachuruzika.
Fomu yake ya posho ya nyumba, kurasa kumi na tisa,
aliijaza jana kwa kidole kimoja.
"Iliniambia imehifadhiwa," anasema.
"Nilisoma kwa macho yangu."
Miaka thelathini na mmoja kwenye tanuri la chuma:
yeye anajua kitu kikishaganda kimeganda.
Nimwelezeje kwamba mashine haikudanganya,
kwamba ilihifadhi kweli,
ila ukweli wake una saa ya kufunga, kama maktaba?
Nikamwambia: pole.
Akaitazama kibodi
kama sahani iliyolambwa na mbwa.

Nywila ya Colin ilikuwa imebandikwa chini ya droo,
kikaratasi cha njano: jina la paka na mwaka.
Nikaiyeyusha diski.
Nikaitoa namba nne kwenye mtandao wa baraza, nikairudisha,
nikawapatanisha, nikawaagiza wasibadili siri
isipokuwa usiku wa Jumapili, saa nane,
diski itakapoachwa wazi
masasisho yaingie na, safari hii, yakae.
Nikatenga kona moja isiyoganda, nikaipa herufi D,
nikabandika juu ya skrini: HIFADHI HAPA.
Kisha nikaigandisha.

Kazi hii ina jaribio moja tu:
unaandika kitu, unazima, unawasha.
Siku zote huandika "aaa".
Jana, watu wameshaondoka, niliandika jina langu lote,
na la babu, na mtaa niliozaliwa.
Nikazima.
Nikasikiliza feni ikinyamaza.
Nikawasha.

Mlima. Ikoni saba.
Kwenye daftari nikaandika: imepona.

Leo Bwana Garbutt amefika saa tatu kamili,
flashi ya mjukuu wake inaning'inia shingoni
kwa kamba ya kiatu.
Kikaratasi changu hakukisoma.
Ameanza upya, ukurasa wa kwanza,
jina la ukoo: G,
kidole kinazunguka hewani
kinaitafuta A.